Baba Mkwe na Vitunguu vya Moshi

Wiki iliyopita uliniacha sebuleni kwa baba mkwe, kabati nililomtengenezea kwa mikono yangu limelala kifudifudi, na mwenyewe yuko chini yake. Kama hukusoma, hukukosa mengi. Kabati lilianguka, mkono wa mzee ukavunjika, nami nikarudi nyumbani bila mke.

Mke hakunikimbia, usije ukanielewa vibaya. Alizuiwa. Baba yake alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote, akaziandika hukumu za mahakimu mpaka akaona hata yeye anaweza. Siku ile, mkono ukiwa umeshafungwa plasta, alitoa ya kwake.

"Mtu asiyeweza kusimamisha kabati," alisema, "hawezi kusimamisha nyumba. Binti yangu anabaki hapa."

Ningejibu nini? Mimi ni seremala. Kabati lilikuwa zima, sakafu ndiyo iliyokuwa na bonde. Lakini nani atamwambia mkwewe kwamba sakafu yake ina bonde, naye ametoka tu kuvutwa miguu chini ya kabati?

Basi nikawa mtu wa kulala upande wangu wa kitanda, ule mwingine nauacha wazi, kana kwamba mwenyewe ameenda msalani na atarudi sasa hivi. Hakurudi. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Wangu mimi alikuwa amekataa hata kuingia zizini.

Ndipo simu ikaita.

"Fundi," alisema mke wangu.

Akiwa na hasira huniita "wewe." Akiniita Fundi, bado nina nyumba.

"Jumamosi kaka anachoma nyama hapa. Njoo."

"Baba amesema nije?"

"Baba hajasema usije."

"Sasa hapo tofauti iko wapi?"

"Tofauti ndiyo hiyo hiyo, pitia hapo hapo. Sikiliza. Baba siku hizi hali nyama, yale meno ya bandia yanamcheza. Kila tukichoma nyama anakaa kwenye kiti chake kuwatazama watu wakitafuna, na hasira zinampanda. Atakayemletea kitu laini chenye ladha ya moto, huyo ndiye atakayesikilizwa."

"Nimletee ndizi?"

"Ndizi anakula kila siku. Mletee vitunguu. Vile vyako."

Vile vyangu! Nilikuwa nimempikia mwaka tuliooana, tukiwa na jiko moja na sufuria moja. Unachukua vitunguu vikubwa, unaviweka mbali na moto, unafukiza kwa vijiti vya mpera mpaka vilegee vyenyewe. Halafu unavikatakata, unavichanganya na krimu na jibini, unarudisha kwenye moshi mpaka juu pawe na rangi. Mara ya kwanza alipovila alifuta sufuria kwa kidole, akaniambia kama useremala ungenishinda, ningekula kwa kupika.

"Halafu, Fundi."

"Naam."

"Usije na kitu chochote cha mbao."

*

Mkono mtupu haulambwi. Nilinunua vitunguu, vikubwa vya kujaza kiganja, na siagi, na krimu, na jibini gumu la kukwaruza, na mkate wa jana kwa ajili ya chenga za juu. Kisha nikapitia karakana kuchukua vipande vya mpera.

Hapa ni lazima nikueleze kidogo. Pale karakana tunatengeneza mipini ya majembe na nyundo, na mipini mizuri ni ya mpera, haipasuki. Ukishapima mpini unakata ncha, na ncha zinatupwa kwenye gunia lililo nyuma ya mlango. Atakaye kuni anachota. Ndivyo tulivyozoea miaka yote, mimi na mwenzangu ambaye watu wote wanamwita Randa, kwa sababu akizungumza nawe anakulainisha kama randa inavyolainisha ubao.

Randa hakuwepo, alikuwa ameenda kupeleka mzigo. Gunia lilikuwa limejaa kuliko kawaida. Nikaona hii ni neema, nikalibeba lote.

Kwa baba mkwe nilipokelewa na shemeji, kaka yake mke wangu. Ni mekanika, na siku ya kuchoma nyama hujifunga aproni na kusimama mbele ya lile jiko la pipa kama anafungua injini. Hapendi mtu aguse koleo lake.

"Shemeji, umekuja na gunia? Ndiyo unahamia?"

"Ni vipande vya kufukizia."

"Makaa yangu yana kasoro gani?"

"Makaa yanatoa moto. Mimi nataka moshi."

"Loo! Watu wote duniani wanaukimbia moshi, wewe unaubeba kwenye gunia." Akanisogezea pembe moja ya jiko kwa ncha ya koleo. "Hapo. Usivuke hapo."

Baba mkwe alikuwa barazani kwenye kiti chake, mkono wenye plasta juu ya mto.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," aliujibu ukuta uliokuwa nyuma yangu.

Mke wangu sikumwona. Alikuwa jikoni, na mlangoni pa jikoni alikuwa amekaa shangazi yake, mwanamke mpana, kiti amekiegemeza kwenye fremu ya mlango.

"Naomba maji kidogo, Shangazi," nilisema, nikijaribu bahati yangu.

"Utaletewa ulipo."

*

Nikaanza kazi. Nilivimenya vitunguu, nikavitoboa kidogo juu na kutia siagi na chumvi katika kila kitundu, nikavikalisha kwenye foili upande usio na makaa. Vipande vya mpera nilikuwa nimevilowesha, nikavitupa juu ya makaa ya upande wa pili, nikafunika.

Moshi ukatoka. Nilikuwa nimeutegemea moshi wa mpera, ambao mtu anaweza kukaa ndani yake na kusimulia hadithi. Huu ulitoka na kelele. Ulimpiga shemeji usoni, ukazunguka nyumba, ukamfuata shangazi mpaka mlangoni pake.

"Moshi gani huu unaokwangua koo?"

"Ni vitunguu, Shangazi. Vitunguu vinaliza."

"Vitunguu nimevikata tangu wewe hujaota meno. Vinaliza macho. Huu unaliza kifua."

"Labda vipande vimelowa sana."

"Labda wewe ndiye uliyelowa."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Nikacheka na mimi, ufanyeje? Mkwe wa kabati hana haki ya kununa. Nilisogeza mfuniko, nikapunguza vipande, nikajiambia moyoni kwamba mti ni mti, pengine huu ulikatwa kabla haujakomaa.

Wakati vitunguu vinalegea nilikaa pembeni kukwaruza jibini. Nilijaza bakuli, nikaliweka mezani, nikaenda kugeuza vitunguu. Niliporudi bakuli lilikuwa nusu. Nikaenda kuvitoa motoni na kuvikatakata. Niliporudi tena, chini ya bakuli palikuwa panaonekana.

"Shemeji, jibini langu!"

"Lilikuwa la kupikia?" Alikuwa bado anatafuna. "Mimi nilidhani la kuchangamsha mdomo. Muulize na Shangazi, tulikuwa tunapokezana."

Nikasimama pale na bakuli tupu mkononi. Vitunguu bila jibini ni kitoweo cha mgonjwa. Barazani mzee alikuwa anatazama saa ya ukutani kupitia dirishani, taya lake linacheza. Nilitaka kukaa chini palepale na kuomba ardhi ifunguke, lakini kwa bahati yangu ingefunguka baada ya watu wote kuondoka.

"Pisha hapo."

Alikuwa ni mke wangu. Sijui alimpitia wapi shangazi yake. Mkono mmoja alikuwa na kipande cha jibini cha kwenye friji yao, mwingine alikuwa na kikwaruzo.

"La kwako liko wapi?"

"Tumboni mwa kaka yako."

Akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu siku ya kabati, nami nikawa namtazama tu kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Usinitazame hivyo. Shangazi anaona."

"Umekonda."

"Wewe ndiye umekonda. Unakula nini kule?"

"Mkate."

"Na nini?"

"Na maji."

Aliendelea kukwaruza, ameinamisha kichwa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, nimechoka. Nalala kwenye kitanda nilicholalia nikiwa shule, miguu inatokea nje. Shangazi ananiuliza kila asubuhi nimeota nini. Nataka kwangu. Leo ifanye iende vizuri."

"Na kama hatavipenda?"

"Basi tena. Baba akihukumu mara ya pili hageuki. Namjua."

Tukachanganya pamoja, yeye anakoroga, mimi natia krimu. Vidole vyetu viligusana ndani ya jibini na hakuna aliyetoa vyake haraka. Tulipojaza trei ya mzee, mchanganyiko ukabaki.

"Huu uweke kwenye kisufuria, unipikie na mimi," alisema. "Tangu nije huku sijapata hamu ya chakula. Leo ninayo."

Nilimpikia. Nilinyunyiza chenga za mkate juu ya vyote viwili, nikavirudisha kwenye moshi. Nilionja kwa ncha ya kijiko. Palikuwa na uchungu kidogo nyuma ya utamu, kidogo sana. Nikasema ni moshi.

*

Trei niliipeleka mwenyewe. Jibini lilikuwa linachemka pembeni, na juu pana rangi ya mkate uliookwa.

Baba mkwe aliitazama.

"Hiki ni nini?"

"Vitunguu, Baba. Vimefukizwa. Vina jibini."

"Vinatafunwa?"

"Havihitaji kutafunwa, Baba."

Akashika kijiko kwa mkono mzima. Alichota kidogo, akapuliza, akatia mdomoni. Hata shemeji alisimama na koleo hewani.

Mzee alifumba macho. Akameza. Akachota tena, safari hii kijiko kizima.

Akachota cha tatu.

"Lete kiti," alimwambia shemeji.

"Cha nani, Baba?"

"Cha mkwe wangu."

Nilikaa karibu naye. Mlangoni mwa jikoni nilimwona mke wangu akichungulia juu ya bega la shangazi, kisufuria chake mkononi. Alinikonyeza, akatoweka ndani. Msomaji, kama nimewahi kuwa na furaha, ilikuwa kwenye kiti kile.

Mzee alipangusa mdomo.

"Kuna jambo nataka kulisema," alianza. "Kwanza..."

Simu yangu ikaita.

"Pokea," alisema mzee, akichota. "Mtu hasikilizi vizuri simu ikiwa inalia."

Nilisimama, nikasogea hatua chache mpaka ukutani. Alikuwa Randa.

"Bwana, lile gunia la nyuma ya mlango limekwenda wapi?"

"Ninalo mimi. Nimefukizia vitunguu huku kwa mzee."

Nilisikia msumeno ukizimwa upande wa pili.

"Randa?"

"Umefukizia nini?"

"Vitunguu. Vya kula."

"Mama yangu!" alisema Randa, na sauti yake haikuwa na ulaini wowote. "Bwana, ile oda ya mipini ya shambani, yule mteja aliyesema mchwa wanaimaliza. Alitaka ichovywe dawa. Alikuwa na haraka, nikachovya kwanza, nikakata baadaye."

"Siku zote tunakata kwanza!"

"Najua! Alikuwa na haraka! Zile ncha zote za gunia zina dawa. Nilitaka kukuambia Jumatatu."

"Mbona sikuona rangi?"

"Ile ya zamani ndiyo ilikuwa na rangi. Hii mpya haina. Kopo lina picha ya fuvu, bwana. Waambie wasile. Kuna mtu amekula?"

Niligeuka. Baba mkwe alikuwa anachota.

*

Sasa nitakuambia kitu ambacho sijamweleza mtu kwa ukamilifu, na ukitaka kulitupa gazeti litupe.

Nilirudi kwenye kiti, nikakaa.

Sikukaa kwa sababu sikuelewa. Nilielewa. Neno lilikuwa mdomoni, nilikuwa nimeshalipanga: Baba, acha kula. Maneno matatu tu. Mtoto mdogo angeweza kuyasema.

"Nilikuwa nasema," mzee akaendelea. "Kwanza, mtu anaweza kukosea."

Akachota, akala.

Nikajiambia: amalize sentensi hii tu. Hukumu ya pili haigeuki, mwenyewe mke wangu amesema. Akishatamka kwamba binti arudi, ametamka, na mimi palepale nitamwambia. Kijiko kimoja zaidi kitaongeza nini juu ya vile alivyokwisha kula?

"Pili," alisema, "kabati ni kitu, na binti yangu si kitu."

Akachota, akala. Kumbe nilikuwa nimesahau kwamba mzee hana haraka. Karani wa mahakama huandika kwa mkono, huzungumza kama anamsubiri mtu amalize kuandika. Na kila sentensi moja alikuwa anaifuatisha na kijiko.

"Tatu."

Sema basi, Baba. Sema upesi. Mgongo wangu ulikuwa umelowa. Nilikitazama kijiko kikipanda na kushuka, nikaona mkono wangu mwenyewe umeinuka kutaka kukikamata, na ukarudi pajani. Sina namna ya kukueleza. Nilikuwa kama aliyefungwa kamba, na kamba nimeifunga mwenyewe.

"Tatu, nimemwona leo amekaa pembeni ya moto, amevumilia maneno ya watu, hakujibu. Mtu wa namna hii anaweza kukaa na mke." Akachota, trei inakaribia kuisha. "Kwa hiyo nasema mbele ya wote. Mchukue mkeo. Mwende nyumbani."

Shemeji akapiga koleo kwenye pipa kwa furaha. Shangazi akasema, "Haya, heri yao," kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

Nami nikaruka, nikakipiga kijiko kikaenda chini.

"Usile, Baba! Vina sumu!"

*

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

"Unasema nini wewe?" shemeji aliuliza.

Nikasema yote. Mipini, mteja, mchwa, dawa, Randa aliyechovya kabla ya kukata. Nilisema haraka haraka na kwa kurudia rudia, na jinsi nilivyokuwa nikisema ndivyo nilivyoona kwamba haisaidii. Hakuna aliyetaka kujua habari za mipini.

"Nilisema!" shangazi alipiga makofi. "Nilisema moshi huu una jambo! Mkaniona mchawi!"

"Nani mwingine amekula?" shemeji aliuliza. "Mimi sili vitunguu. Shangazi?"

"Nile takataka ile? Mimi nilikula jibini tu, likiwa bichi."

"Basi ni Baba peke yake."

"Na mimi," ilisema sauti ya mke wangu.

Alikuwa mlangoni mwa jikoni. Kisufuria kilikuwa mkononi kimeinamishwa, kitupu, kinang'aa kama kimeoshwa. Na ncha ya kidole chake bado ilikuwa na jibini.

"Umekula kiasi gani?" nilimuuliza.

"Chote. Sasa hivi. Nilikuwa na njaa, Fundi."

Hakuna aliyeniuliza kama na mimi nilionja, na sikuona sababu ya kulisema.

Mzee hakupiga kelele. Alikuwa amekaa vilevile, mkono mmoja kwenye mto, mwingine wazi pale kijiko kilipotolewa. Rangi ilikuwa imeanza kumtoka usoni, ila sikuweza kujua kama ni dawa au ni mimi.

"Leta gari," alimwambia shemeji.

*

Shemeji alileta gari mpaka chini ya baraza, bado amevaa aproni. Tukamwingiza mzee kiti cha nyuma. Niliposhika bega lake alilitikisa, nikaliachia. Mke wangu akazunguka akaingia upande wa pili. Shangazi akapanda mbele na chupa ya maziwa, ingawa hakuna aliyejua kama maziwa yanafaa au yanadhuru.

Nikabaki nimesimama kwenye moshi. Jiko lilikuwa bado linafuka, hakuna aliyekumbuka kulizima.

Mke wangu alishusha kioo.

"Yule aliyekupigia simu alikuwa Randa?"

"Ndiye."

"Ndiye aliyekuambia habari ya dawa?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua kabla Baba hajaniruhusu, au baada?"

Ningeweza kusema baada. Wote walisikia simu ikilia, lakini Randa ndiye pekee aliyejua alichoniambia, na Randa angenisaidia kudanganya, hiyo ndiyo kazi yake ya pili. Ningesema baada, naye angebaki na mume aliyekosea kwa bahati mbaya, kama siku zote.

"Kabla," nilisema.

Alinitazama. Hakulia wala hakunitukana, na ningelipa chochote anitukane.

"Nilikuwa nimesimama jikoni nakula," alisema polepole. "Namsikia Baba anasema kwanza, pili, tatu. Nikawa nakula huku nafurahi. Nilikuwa nishafikiria tutapanda gari gani kurudi."

Nikashika ukingo wa dirisha.

Kisha akafungua mlango, akasogea katikati kunipisha.

"Ingia."

"Umenisa..."

"Sijakusamehe, wewe." Neno lile liliniingia ndani kabisa. "Daktari atauliza ni dawa gani, imechovywa vipi, imefukizwa kwa muda gani. Nani atamjibu, Shangazi? Ingia, tunachelewa!"

Nikaingiza mguu mmoja.

"Huyu akiingia," alisema baba mkwe, akitazama mbele, "mimi nashuka."

"Baba!"

"Nimekwisha sema."

Na kweli, kwa ule mkono mzima alikuwa ameshafungua mlango wa upande wake na kuutoa mguu nje. Mke wangu akamkamata koti. Mkono wake wa pili ulikuwa bado umeshika shati langu, na sikujua kama ananivuta au anajishikiza, maana uso wake ulikuwa umeanza kutoka jasho, na midomo imekuwa myeupe.

"Baba, kaa! Fundi, ingia! Jamani, tumbo..."

Nikasukuma mguu mbele, mzee akasukuma wake nje. Nikaurudisha, akaurudisha. Nikajaribu tena, naye vilevile.

Shemeji alitutazama kwenye kioo, injini inanguruma, mikono yake miwili kwenye usukani.

"Niondoke," aliuliza, "au nisiondoke?"

Mguu wangu ulikuwa bado ndani, wa mzee bado nje.